Mwaka Niliomwogesha Fahali

Siku tuliyomzika Shangazi Perusi, katekista alisimama upande wa kichwani mwa kaburi akawaasa watoto wa marehemu wasigombanie shamba, akamalizia kwa ile methali kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake waliotoka Musoma, na bila kutaka nikageuka kumtafuta Wambura, mtoto wa kambo wa Shangazi. Alikuwa amesimama nyuma ya vijana wenye makoleo, ameegemea fimbo, mguu wa kushoto ameukunja kidogo kama anavyoukunja siku zote, anatazama chini. Methali ile siipendi. Siipendi kwa sababu siyo kweli, au tuseme siyo kweli yote. Niliishi mwaka mzima kwenye boma lenye mafahali wawili, na walikaa zizi moja, walikunywa kisima kimoja, jua likiwa kali walilambana masikio. Kilichowashinda ni kitu kingine, na kitu hicho nimetembea nacho tangu nina miaka kumi na tisa mpaka leo nina wajukuu. Sikuwahi kukisema kwa ajili ya Shangazi. Sasa udongo ulikuwa unaanguka juu ya sanduku la Shangazi na sababu yangu ilikuwa inafukiwa pamoja naye. Nilishindwa kukaa. Nikainuka kama mtu anayekwenda kujisaidia, nikazunguka nyumba mara mbili, nikarudi kwenye mkeka, nikainuka tena. Mama mmoja akaniuliza kama nimeshikwa na tumbo. Nikasema ndiyo.

Naandika haya nikiwa kwangu Bweri, hapa Musoma, na daftari la mwaka ule liko mbele yangu. Ni daftari la shule la kurasa arobaini, jalada limeliwa na mende. Niliishia darasa la saba, na tabia ya kuandika siku zangu nilifundishwa na mwalimu mmoja aliyesema asiyeandika huja kujidanganya mwenyewe. Nimegundua kwamba hata anayeandika hujidanganya. Ukurasa wa siku ile una mstari mmoja tu: "Leo nimemwogesha Sumuni, ameng'aa." Chini yake hakuna kitu. Ukurasa unaofuata unaanza wiki tatu mbele, habari za mapacha kuota meno. Kwa hiyo mengi ninayoyasema hapa yametoka kichwani, na kichwa changu sikiamini sana. Nitajaribu kutoa haki kwa kila mtu, pamoja na ng'ombe.

Nilipelekwa kule kumsaidia Shangazi, aliyekuwa amejifungua mapacha. Boma la mumewe, Mzee Magori, lilikuwa upande wa Butiama, kwenye njia ya kwenda Nyamuswa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mahali basi lilipokuacha. Mimi nilikuwa mtoto wa ziwani, nimekulia mahali ambapo kila nyumba inanuka dagaa na hakuna anayejua kwamba inanuka. Nililala kwenye chumba kilichoungana na jiko, chumba kirefu chenye dirisha la ukubwa wa sahani, ukutani kumepangwa vibuyu vya maziwa kama watoto wa shule mstarini. Siku ya kwanza nilifika na mfuko wa dagaa mkavu, zawadi ya mama, nikauweka chini ya vibuyu. Mzee Magori alikuja kunisalimia, akasimama mlangoni, akanusa, akarudi nje. Baadaye nikamsikia anamwambia mkewe, kwa upole, kwamba maziwa husikia. Shangazi akautoa ule mfuko akaupeleka kwenye kibanda cha kuni, na tangu siku hiyo dagaa wetu tuliwapikia nje, kwenye chungu chao, tukala tumesimama kama wezi. Kabla ya kushika kibuyu ilibidi ninawe mikono mpaka viwikoni, kwa sabuni kama ipo, na mwaka ule sabuni ilikuwa haipo. Dukani waligawa kwa foleni. Wengi walifulia majani ya mpapai. Mama alikuwa amenipa mche mzima wa sabuni aliosubiri miezi, akaniambia, usiende kuwatia watu kinyaa. Basi nilisugua. Nilijisugua mwaka mzima. Hilo nalisema si kwa kulalamika; hawakunitukana, walinifundisha tu utaratibu wao, na mimi nikaushika kwa upande mmoja: kwamba harufu ya nje haiingii humu.

Wambura ndiye pekee aliyelifanyia utani jambo hilo. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa marehemu mke wa kwanza, na ndiye aliyechunga. Aliniita Furu, jina la vile visamaki vidogo vya ziwani visivyo na bei. Nikipita na ndoo alikuwa anaziba pua na kuwaambia ng'ombe wapishe, ziwa linapita. Mimi nikamwambia yeye ananuka kama beberu, na alicheka kwa sababu beberu wao kipindi kile alikuwa anajikojolea ndevu zake mwenyewe ili apendwe. Kwa kweli nilipenda utani ule. Jioni baada ya ugali wa mtama na maziwa ya mgando alikuwa anakaa kwenye kinu kilicholazwa, ananieleza ng'ombe mmoja mmoja kama mtu anayekutambulisha kwa ukoo wake.

Mafahali walikuwa wawili. Mkubwa aliitwa Diwani, mweusi, nundu imelalia upande, na aliitwa hivyo kwa sababu alitembea polepole na wote wakampisha. Mdogo aliitwa Sumuni, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, dogo na la mviringo kama sarafu ya senti hamsini. Diwani alikunywa kwanza. Sumuni akifika kisimani aligeuza kichwa pembeni kana kwamba ameona kitu porini, na alingoja. Mwanzoni sikuelewa chochote. Niliona Diwani ananusa mkojo wa ng'ombe jike, anainua kichwa na kukunja mdomo wa juu mpaka ufizi unaonekana, nikasema, tazama, anacheka. Wambura alikaa chini kwa kicheko. Akanieleza kwamba hapo dume anasoma: anajua jike yuko siku gani ya joto. Ng'ombe hawana msimu mmoja wa kupandana kama swala wa porini, lakini nyasi zikiota baada ya mvua majike yanashiba, na yanaingia joto kwa kufuatana, na wiki hizo madume hawalali. Diwani alikuwa anachimba vumbi kwa kwato na kulirusha mgongoni. Alikuwa anasugua pembe kwenye kichuguu mpaka anarudi na udongo mwekundu kichwani kama kofia, na alitoa sauti ya chini, ya tumboni, niliyoisikia miguuni kabla ya kuisikia masikioni. Nikauliza mbona hawapigani.

"Dume haanzaga na pembe, Furu," Wambura akaniambia. "Anaanzaga na ubavu. Anamsimamia mwenzake pembeni, anamwambia niangalie nilivyo mpana. Huyo mwingine akiangalia kando, yameisha, watu wanaenda kula. Asipoangalia kando ndo uondoke hapo."

Kwetu nilimjua dume mmoja tu wa namna hiyo, naye ni sato. Maji yakipata joto, sato dume anakuja karibu na ufuko, kwenye maji ya magotini, anachimba shimo la mviringo mchangani kwa mdomo wake, rangi yake inageuka, na hapo hamwogopi tena mtu. Ukitumbukiza kidole anakuja kukigonga. Jike anakuja, anataga, anabeba mayai yake mdomoni anaondoka, na dume anabaki na shimo tupu anapigana na kila kinachopita. Tulicheza nao tukiwa watoto, na hakuna aliyeumia. Nadhani hilo ndilo lililonidanganya. Nilidhani ukali wa dume ni kitu cha kutazama ukiwa umesimama na sketi umeikunja magotini. Watu wengi hupenda kuchukua habari kama hizi wakazifananisha na wanaume. Mimi sitafanya hivyo. Wanaume wa boma lile walikuwa wapole kuliko wengi niliowajua baadaye.

Wambura alikuwa amechumbia Nyamuswa, msichana anaitwa Nyangi. Nilimwona mara moja sokoni; alikuwa na mwanya na alicheka kwa kuinamisha shingo. Ng'ombe wa mahari walishahesabiwa, walikuwa wamebaki kutoka tu. Mwanzoni mwa mwaka ule fahali wa baba yake Nyangi alikufa kwa ugonjwa, na Mzee Magori, kwa kuonyesha wema kabla ya ndoa, akamwazima Sumuni akapande kule. Alikaa huko mpaka masika yalipokolea. Siku ya kurudi kwake Mzee Magori hakuwepo, alikuwa amekwenda Butiama kwenye kikao cha pamba. Kaka wawili wa Nyangi walimswaga Sumuni mpaka karibu, wakamkabidhi kwa Wambura njiani, wao wakapitia kwa ndugu yao kusalimia. Walisema wangefika boma jioni, ng'ombe wakirudi, waone na wale wa mahari.

Saa tisa mchana nilishuka kijitoni na beseni la nepi za mapacha na kipande changu cha sabuni, kilichobaki sasa kama nusu ya kiganja. Nikamkuta Sumuni amefungwa kwenye mgunga, peke yake. Mgongo, mabega, shingo na lile doa lake jeupe, vyote vimepakwa mavi mabichi ya ng'ombe. Nilisimama nikimtazama. Nikafikiri amelala kwenye uchafu kwa watu wa Nyamuswa, na kwamba mashemeji wanakuja jioni, watasema tumempokea hivyo hivyo. Nikafikiri pia, na hili nalikumbuka vizuri, kwamba amekaa ugenini miezi na anakuja na harufu ya ugenini, na katika boma hili mwenye harufu ya ugenini ananawa kwanza. Nilikuwa nimejifunza somo langu. Nikaacha nepi, nikachota maji kwa beseni, nikamwagia. Watu hawaamini nikisema kwamba alitulia. Dume akiwa mbali na madume wenzake ni mnyama mwingine. Nilimsugua mgongo, nikasugua nundu, nikafika nyuma ya masikio na akafumba macho. Sabuni iliisha karibu yote. Alipokauka kwenye jua aling'aa kama embe lililofutwa kwa kitambaa. Nilirudi bomani nimelowa mpaka kiunoni, nimejisikia mtu wa nyumba ile kwa mara ya kwanza.

Jioni ng'ombe waliporudi nilikuwa mlangoni mwa jiko na pacha mmoja mgongoni. Kaka zake Nyangi walikuwa wameshafika, wamesimama langoni kwa zizi na fimbo zao mabegani. Wambura akamleta Sumuni kwa kamba. Nikamsikia kaka mkubwa anasema, shemeji, hii dume sisi tulikurudishia au umenunua nyingine, na wote wakacheka, na Wambura akacheka, akampiga Sumuni kofi la shingo, akafungua kamba. Ndani ya zizi kulikuwa na jike mweupe aliyekuwa kwenye joto tangu asubuhi. Diwani alikuwa hamwachii hatua. Sumuni aliingia kama anayeingia kwao. Diwani akainua kichwa, akanusa. Akanusa tena, shingo ameinyoosha. Kisha akasimama ubavu. Nilijua sasa kusoma, nikangoja Sumuni aangalie kando. Hakuangalia. Akageuka naye akatoa ubavu wake, na wakazungukana hivyo, polepole sana, kama watu wawili wanaopimana nguo.

Sauti ya pembe mbili zikigongana nimeisikia tena mara moja tu maishani, gogo lilipoangukia mtumbwi. Majike yalikimbilia pembeni. Diwani alisukuma, Sumuni akasukuma, kwato zikachimba mitaro kwenye matope, na povu likawa linaning'inia. Shangazi alinishika mkono akasema tusitoke. Wambura alikuwa anaita majina yao kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayewakumbusha kitu. Halafu akaingia. Kwa haki niseme kwamba hakuna aliyemtuma, na kwamba mashemeji walimwambia aache. Alipita kando ya ua akiwa na fimbo ndefu, na pale alipofika ndipo miguu ya nyuma ya Diwani ilipoteleza. Siku zote nilidhani mtu huumizwa na pembe, na huumizwa na anayeshinda. Sivyo. Diwani alishindwa, akageuka kukimbia, na njia aliyoiona ilikuwa ile aliyosimama Wambura. Alimpitia kama hajamwona. Ua ulivunjika, Diwani akatokomea kwenye mihogo, na Wambura alikuwa amelala kati ya miti ya ua, paja lake limeelekea upande ambao paja haliendi.

Walimbeba wakamlaza kitandani kwenye chumba cha mbele, na kaka mdogo akakimbia barabarani kutafuta gari. Katikati ya hayo Mzee Magori akafika na baiskeli yake. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji, ukuta kati yetu ulikuwa wa fito na udongo, nilisikia kila kitu. Hakupiga kelele. Alisema pole kwanza. Kisha akauliza, "Alipakwa?"

"Alipakwa, baba," Wambura akajibu.

Mzee akachukua kandili akaenda zizini. Alirudi. Nilimsikia anakaa kwenye kigoda. "Nimempitisha mkono mgongoni. Ng'ombe ananukia kama mwalimu wa shule. Ulimwogesha uwaonyeshe mashemeji zako."

Nikangoja Wambura akatae. Nilikuwa nimeshika sufuria kwa upindo wa kanga, naungua na sijui kama naungua. Hakukataa. Hakusema neno lolote mpaka lori la pamba lilipokuja likamchukua kumpeleka hospitali Musoma, amelazwa juu ya marobota.

Shangazi ndiye aliyenieleza, kesho yake, milango ikiwa imefungwa. Dume akitoka kuazimwa haingizwi zizini hivi hivi. Anapakwa kwanza mavi ya zizi la kwao, ili anuke nyumbani, ili yule aliyebaki asimwone mgeni. Wambura alimpaka. Mimi nikaosha. Wakati ananieleza, alikuwa anatazama kanga yangu ya jana, ikiwa bado haijakauka kwenye kamba ya jikoni. Alinyoosha mkono nikampa kile kibaki cha sabuni, kidogo kama kucha, akakitumbukiza ndani ya kibuyu cha mbegu za maboga. Aliniuliza nani aliniona. Nikasema hakuna. Nikasema nitakwenda kumwambia Mzee sasa hivi.

"Ukisema," Shangazi akaniambia, "hawatasema wewe, Nyabwire, ulikosea. Watasema mama wa kambo alimtuma mtoto wa kaka yake amwoshe dume kinga, ili mtoto wa mke mwenzie afe. Mimi nina mapacha hapa. Nitakwenda nao wapi?"

Nimelipima neno hilo maisha yangu yote, na bado sijaweza kusema alikosea. Walimpenda, lakini walimpenda mtu wa ziwani kwa tahadhari. Nilinyamaza. Mzee Magori akatamka mbele ya ukoo kwamba mtu anayempamba ng'ombe badala ya kumrudisha zizini kwa utaratibu bado hajafika kupewa ng'ombe, na wa mahari hawakutoka. Watu wa Nyamuswa walivumilia mpaka mavuno, kisha Nyangi akaolewa Bunda. Nilikwenda Musoma mara tatu kumpelekea Wambura uji. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na dirisha lililotazama ziwa, na yeye aliomba wamgeuzie upande wa ukuta. Mara zote tatu nilipanda basi nikiwa na maneno mdomoni, na mara zote tatu nikarudi nayo. Aliniuliza habari za Diwani. Nikamwambia: Diwani alirudi mwenyewe siku ya tatu, akakaa nje ya kundi, na sasa yuko zizini pamoja na Sumuni. Sumuni anakunywa kwanza. Diwani anaangalia kando.

Nilisema sitafananisha, lakini hili linanikaa kooni. Wale wawili walimaliza yao jioni moja. Mzee Magori na Wambura hawakumaliza. Wambura alirudi na fimbo na mguu mfupi, na baba yake akampa kila alichohitaji isipokuwa uso. Walikula sahani mbali mbali. Mzee alikuwa anasema mambo yake kupitia kwa mkewe: mwambie kijana dawa ya kupe imekwisha. Mwaka ulipotimia nikarudi ziwani. Mzee alikufa miaka kadhaa baadaye, na niliambiwa kwamba hata mwishoni alimtaka radhi kila mtu aliyekuwepo chumbani, na Wambura alikuwa amesimama nje ya dirisha.

Baadaye nikawa nauza dagaa Bunda, na siku moja mteja wangu, bwana mifugo aliyekaa Manyamanyama, alisubiri mvua chini ya turubai langu. Nikamuuliza habari ile kama jambo la rafiki yangu. Alikuwa mtu mwangalifu. Alisema harufu ina nafasi yake, ng'ombe hutambuana kwa pua. Lakini dume akikaa miezi mahali ambapo yeye ndiye mkubwa, akala akashiba, akarudi akakuta jike kwenye joto, hatakubali tena kuwa wa pili, umpake mavi au umpake mafuta ya taa. Wangepigana tu, alisema, labda siku ile, labda kesho yake. Nilipaswa kufurahi. Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa zaidi. Kama ni kosa langu, nilimvunjia mtu mguu na ndoa. Kama siyo, nilinyamaza miaka yote bila hata kuwa na kitu cha kuficha, na Mzee akafa anamdharau mwanawe bure. Sikujua lipi ni baya zaidi, na bado sijui.

Siku ya tatu baada ya maziko, walipokuwa wanaanua matanga, nilimwona Wambura anashuka kijitoni peke yake na kamba begani. Nikamfuata. Mgunga ule ulikatwa zamani. Alikuwa amekaa kwenye jiwe kubwa ng'ambo, lililokuwepo siku zote. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza dagaa siku hizi wanasemaje. Nikamwambia nina neno. Nikalisema lote bila kukaa chini, tangu nepi mpaka kibuyu cha mbegu za maboga. Nilipomaliza nilikuwa nahema kama niliyepanda mlima.

Alikuwa anapasua kijiti kwa kucha. "Nilikuona," akasema.

Nikauliza, aliniona wapi.

"Hapa. Kwenye hili jiwe. Nilikuwa nimerudi kuangalia kama kamba imeshika. Nikakuta unamsugua masikio, Furu. Amefumba macho, kama mzungu anayeota jua." Akatikisa kichwa. "Nikakaa nikaangalia mpaka umemaliza."

"Mbona hukunizuia, kaka?"

"Alikuwa anapendeza." Alikitupa kijiti majini. "Ulipoondoka nilisema nimpake tena. Mavi yapo, bomani siyo mbali. Nikawafikiria wale kaka zake Nyangi wanakuja, dume linang'aa vile. Nikasema, leo moja tu. Kwa hiyo mzee alivyoniambia nimewaonyesha mashemeji, ningekataa nini? Kuogesha hakuwa amepatia. Kuonyesha alipatia."

Nilikaa chini sasa, kwenye majani yenye umande. Nilitaka kulia nikashindwa. Nilihisi kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni akaambiwa huu haukuwa wako peke yako. Nikamwambia angemwambia baba yake hivyo hivyo, kwamba aliniona na akaacha. Akasema alijaribu, miaka mingi, na kila mara alipoanza mzee aliinuka. Hakumlaumu. Akasema Nyangi yuko Manyamanyama, ana duka la vitambaa na wajukuu, walikutana msibani mwaka juzi akampa soda. Mke wangu ni mzuri, akasema. Halafu akacheka kidogo: "Ila sabuni, Furu. Mwaka ule. Shangazi yako alikuwa anafulia majani ya mpapai, na wewe unaogesha ng'ombe."

Tulisikia kwato. Kijana wa mkwe wake kutoka Nyamuswa alikuwa anamrudishia Wambura dume lake lililoazimwa kule tangu mwanzo wa mvua, jeusi, bado changa, linanusa hewa. Wambura alilipokea akalifunga kwenye kisiki, akainuka, akachechemea mpaka kwenye ndoo aliyokuwa ameiacha njiani. Ndani yalikuwa mavi ya zizi lake. Akachota kwa mkono akaanza kulipaka begani, kwa mikupuo mirefu, kama mtu anayesiliba ukuta. Nikamuuliza kama kweli inasaidia. Nikamweleza na maneno ya yule bwana mifugo.

"Sijui," akasema. "Mimi napakaga tu."

Akanisogezea ndoo kwa fimbo. Nilikunja mikono ya gauni langu la msiba, nikachota, nikaanzia mgongoni, nikafika nundu, nikafika nyuma ya masikio. Dume likafumba macho. Tulipaka mpaka ndoo ikaisha, kisha akalifungua akalipeleka zizini, na mimi nikasimama ng'ambo ya kijito nikisikiliza. Nilisikia kengele, nilisikia mtu anaita mbuzi. Nilisikiliza mpaka pikipiki ya kunipeleka kwenye basi ikaja kunitafuta.

Nilifika Bweri jioni. Binti yangu alinipokea mfuko, akarudi nyuma hatua moja, akauliza mama, mikono yako imeshika nini, akaenda kuleta beseni na sabuni. Nikamwambia aviweke hapo mezani. Nikakaa nje kwenye kiti changu mpaka jua likazama nyuma ya nyumba za jirani, mikono nimeiweka mapajani. Beseni lilikuwa bado pale, na sikunawa.